Karakana na Politekniki: jinsi ya kuomba pamoja ruzuku ya utafiti ukiwa Lubumbashi

Kila mwito wa miradi unapotangazwa, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mwenye karakana katika komini ya Kenya (wasomaji wa mbali: ni komini yetu ya Lubumbashi, si nchi) anauliza: "Chuo kikuu kitaninunulia mashine?" Asistanti wa Politekniki (fakilte ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi) naye anauliza: "Nitampata wapi mtu wa PME (kampuni ndogo au ya kati) aniwekee sahihi? Mwito unafungwa Ijumaa." Mmoja anatafuta chuma, mwingine anatafuta muhuri. Dosye za namna hiyo zinajulikana tangu ukurasa wa pili: karakana imetajwa kwenye jalada, halafu inapotea mpaka kwenye bajeti.

Mfadhili wa utafiti hulipia swali. Liwe swali ambalo fundi hawezi kulijibu bila vipimo vya maabara, na ambalo profesa hawezi kulijibu bila karakana inayouza vitu kwa watu. Ukiwa nalo, kurasa zote za dosye zina pa kushika. Usipokuwa nalo, hata ukiandikiwa Kifaransa kitamu namna gani, wasomaji wa mfadhili watalikataa ombi kabla ya kufika kwenye bajeti.

Nitashika mfano mmoja wa kufundishia mpaka mwisho: karakana inayounda mashine za kusaga mahindi, zile za nyundo (vipande vya chuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi), zinazotupatia unga wa bukari, yaani ugali. Nyundo zake zinakwisha haraka, na nyingine zinakatika ndani ya mashine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Upande wa karakana:

- Namba ya RCCM (daftari la biashara), Id. Nat. (namba ya kitaifa ya utambulisho) na namba ya kodi. Patente (kibali cha biashara ndogo) peke yake haitoshi. Kongo (DRC) iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, kwa hiyo RCCM yako inaeleweka pia kwa mfadhili aliyezoea nchi nyingine za OHADA. Kama ungali na biashara ya jina lako binafsi, soma mwito vizuri: wafadhili wengi wanataka kampuni yenye utu wake kisheria, kama SARL (kampuni yenye dhima ya kikomo), na kuibadilisha katikati ya mwito ni mateso.
- Akaunti ya benki kwa jina la kampuni. Akaunti ya mama watoto au ya mdogo wako haikubaliki hata kidogo.
- Hati ya kodi ambayo bado haijapita muda wake.
- Daftari la kazi: umeuza nini, kwa nani, kimerudi kwa sababu gani. Kama huna, lianze leo. Ninasema kweli, leo.
- Akiba kidogo ya kuendeshea kazi. Wafadhili wengi hutoa sehemu ya kwanza, kisha hulipa zinazofuata baada ya ripoti. Kati ya sehemu na sehemu, mafundi wanakula.

Upande wa chuo:

- Mwalimu mwenye nafasi ya kudumu, na nyuma yake asistanti au CT (chef de travaux) atakayeshika kazi kwa mikono. Profesa ana jina, asistanti ana saa.
- Kifaa cha kupimia kinachofanya kazi. Nenda ukakiguse. Vifaa vingi huonekana vizuri kwenye orodha ya maabara kumbe vimelala tangu zamani.
- Njia ya kufika kwa rekta. Mikataba ya chuo kikuu husainiwa na rekta. Sahihi ya profesa peke yake haikifungi chuo.

Fedha zenyewe ziko wapi

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi, kwa hiyo niwapunguzie safari.

Zile programu za Marekani za kufadhili utafiti wa kampuni ndogo, ambazo watu hunitumia kila mara, SBIR na STTR, si za kwetu. SBIR ilianzishwa kwa sheria ya 1982, STTR mwaka 1992, na zote zinataka kampuni ya faida iliyo Marekani, yenye wafanyakazi wasiozidi 500, na umiliki wake mkubwa uwe wa raia au wakaaji wa kudumu wa kule. Vivyo hivyo vile vituo vya utafiti wa uhandisi ambavyo shirika la sayansi la Marekani, NSF, limevifadhili vyuoni tangu 1985. Usijaze fomu. Lakini kanuni zao zina akili, nami nitaziazima kwenye hatua ya 4.

Horizon Europe ya Umoja wa Ulaya (2021–2027) ni habari nyingine. Taasisi za Kongo zinaweza kupokea fedha humo. Ila hutaomba ukiwa peke yako: kwa kawaida unahitajika muungano wenye taasisi 3 au zaidi kutoka nchi tofauti za Ulaya au zilizounganishwa na programu hiyo, nanyi mnaingia kama washirika wa ziada. Kila mshirika anajiandikisha na kupata namba ya PIC (ya kumtambulisha mshirika) yenye tarakimu 9. Kujiandikisha ni bure. Mtu akikuomba dola ili akupatie PIC, mwambie asante na ufunge simu.

Ubelgiji ina milango miwili ambayo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaijua siku nyingi: ARES kwa vyuo vya Kifaransa, VLIR-UOS kwa vyuo vya Kiflamandi. Mlango huufungui mwenyewe, unaufungua kupitia profesa wa Kibelgiji. Uliza Politekniki nani ana rafiki wa kikazi kule.

FPI, mfuko wa kukuza viwanda ulioanzishwa 1989, watu huutaja kana kwamba unagawa zawadi. Kwa mwenye karakana, uone kwanza kama mahali pa mkopo: unafaa pale utafiti umekwisha na sasa unataka kuzalisha. Mashindano ya mipango ya biashara yanayotoka kwenye miradi ya Benki ya Dunia, kama PADMPME na baadaye TRANSFORME, hutazama biashara kuliko utafiti. Unaweza kuyaendea, lakini uandike dosye nyingine kabisa. Na ile 0.3% ya mauzo ambayo Code minier (sheria ya madini) ya 2018 inazidai kampuni za migodi ni ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Usiende kuiomba kwa ajili ya maabara.

Kampuni ya mgodi ina faida nyingine kwako: inaweza kuwa mteja. Sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 inaiweka kazi ya ukandarasi mdogo mikononi mwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani, na ARSP (mamlaka ya ukandarasi mdogo) ndiyo inayosimamia. Barua ya mgodi inayosema "kipande hiki kikifikia ugumu huu, tutakijaribu" ina uzito kuliko kurasa kumi za nadharia.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Iandike hitilafu kwa namba.
"Nyundo zetu hazidumu" ni malalamiko. Andika hivi: nyundo ina uzito gani ikiwa mpya, ina uzito gani ikitolewa, imesaga tani ngapi, mahindi ya nani, ngapi zimekatika badala ya kulika. Kwa kazi hii mizani ya gramu na daftari vinatosha. Waombe wateja watatu au wanne wenye mashine wakurudishie nyundo zilizochoka badala ya kuzitupa, uwape punguzo kidogo kwenye seti mpya. Ukishika hili mwezi mmoja tu, utakuwa na kitu ambacho profesa hana.

Usiandike suluhisho hapa. Fundi anayekuja na "tunataka tanuri la umeme" amejifungia mlango mwenyewe, kwa sababu huenda tatizo si tanuri.

2. Tafuta mtu wa maabara.
Ukienda kwa katibu wa fakilte na barua yenye "Kwa heshima na taadhima", itapokelewa, itagongwa muhuri, itapumzika. Tafuta nani anafundisha mambo ya vyuma, nani alisimamia kazi za wanafunzi kuhusu kukatika na kulika kwa chuma. Chuo Kikuu kina pia shule yake ya wahandisi wa viwanda, na upande wa Wasalesiani wa Don Bosco kuna mafundi na walimu wanaojua karakana. Usikatae mlango kwa sababu si Politekniki.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Kama huu:

"Jambo Papa Profesa. Mimi ni mwenye karakana ya mashine za kusaga, Kenya. Nyundo tunazikata kwenye resori (springi) za malori, tunazichoma na kuzizamisha ndani ya mafuta. Katika seti za mwezi huu baadhi zimekatika, nyingine zimelika upande mmoja. Nina nyundo mpya na zilizochoka, zote zimepimwa uzito. Naomba nikuletee siku utakayosema, uziangalie na asistanti wako. Sitaki fedha kwa sasa."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Chuoni wamechoka na watu wanaokuja na bajeti mkononi.

Na wewe asistanti, ukienda karakana, nenda asubuhi mafundi wanapoanza, uvae viatu vya kazi, ukae mpaka mchana. Salimia wakubwa kwanza. Ukiingia moja kwa moja na kalamu na maswali, watakujibu unachotaka kusikia.

3. Fanyeni jaribio dogo kabla ya kuandika ombi.
Wasomaji wa mfadhili wanapenda kuona kwamba mmeshagusa kazi. Kwa mfano wetu, jaribio halihitaji ruzuku. Kateni nyundo zote kwenye resori moja, ili chuma kiwe kimoja. Chuma cha resori kwa kawaida kina kaboni inayokaribia 0.6%, kwa hiyo kikichomwa mpaka chekundu na kuzamishwa ndani ya mafuta kinakuwa kigumu sana, na pia kinavunjika kirahisi. Kinachokosekana karakana nyingi ni kukirudisha motoni kwa joto dogo baada ya kukizamisha. Fanyeni makundi mawili: moja lirudishwe kwenye joto la 250 °C, jingine 400 °C. La kwanza litabaki gumu zaidi, la pili litastahimili pigo zaidi. Lipi linadumu kwenye mahindi ya kwetu, yenye mchanga aliouacha mkulima? Hilo ndilo swali lenu.

Maabara ipime ugumu wa kila nyundo. Karakana izifunge kwenye mashine, nyundo za kundi moja zikitazamana na ziwe na uzito sawa, la sivyo mashine itatetemeka na mtapima mtetemo. Sageni mahindi ya shehena moja, hesabuni magunia, fungueni, pimeni tena.

Onyo la kweli: nyundo iliyozamishwa bila kurudishwa motoni inaweza kupasuka ikizunguka. Mtu yeyote asisimame mbele ya mlango wa mashine, na mlango usifunguliwe kabla haijasimama kabisa. Kama makundi mawili yanawatosha, msiliweke la tatu lisilorudishwa motoni eti kwa ajili ya kulinganisha. Namba za nyundo zilizochoka za wateja zinawatosha kwa hilo.

4. Gawanyeni kazi, kisha asilimia.
Hapa ninaazima kanuni ya STTR: kampuni ndogo ifanye kazi isiyopungua 40%, taasisi ya utafiti isiyopungua 30%, na 30% inayobaki igawanywe mnavyotaka. Hata mwito wako usipouliza, uipitishe dosye yako kwenye kipimo hicho. Karakana ikipata 10%, ni mapambo. Chuo kikipata 10%, mnanunua cheti cha maabara, na cheti mnaweza kukilipia bila ruzuku.

Chukueni karatasi moja. Kushoto kazi, kulia nani ataifanya, kwa jina la mtu. "Timu" si jina la mtu.

5. Makubaliano kwa maandishi, kabla ya kutuma.
Hatua hii watu huiruka kwa sababu ya heshima. Nani atamwambia profesa "tuandikishane"? Mwambie tu. Anayekukasirikia kwa hilo atakukasirikia zaidi fedha zikifika.

Makubaliano yajibu mambo haya, hata kwa kurasa mbili:

Nani alikuja na nini. Kama karakana ina umbo lake la nyundo, lichorwe na liambatanishwe, tarehe na sahihi za pande zote. Lililokuwa lako kabla ya mradi linabaki lako.

Matokeo ni ya nani. Njia nyepesi ni hii: chuo kina haki ya kufundisha na kuandika makala, karakana ina haki ya kuzalisha na kuuza, na mtu wa tatu akitaka kununua, wote wawili wakae kwanza.

Mwanafunzi anatetea lini. Hili linawashangaza mafundi, na linapaswa kuwashangaza. Kazi ya mwisho ya masomo hutetewa mbele ya watu na kuwekwa maktaba. Kikishatoka hadharani kitu hakiwi kipya tena, na hataza (brevet, haki ya mvumbuzi) inadai kitu kiwe kipya. Kwetu jambo hilo linaongozwa na sheria namba 82-001 ya 7 Januari 1982, na maombi yanapelekwa wizara ya viwanda. Kongo haimo katika OAPI wala ARIPO (miungano ya Afrika ya kulinda uvumbuzi), kwa hiyo usidhani karatasi ya jirani inakulinda hapa, wala ya hapa huko Zambia. Kama mna kitu cha kulinda, kipelekwe kwanza, utetezi ufuate. Kama ni siri ya karakana tu, mwanafunzi asipewe kipimo chake kamili, na aambiwe mapema ili asijenge sura nzima ya kazi yake juu yake.

Dosye itaandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Makubaliano yawe na nakala ya Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mafundi wote, kisha watu wasaini. Utashangaa maswali yatakayotoka.

6. Bajeti.
Tuseme mradi wetu ni wa dola 18,000. Mgawo unaosimama: karakana 8,100 (45%), chuo 6,300 (35%), na 3,600 (20%) kwa vitu vya nje: uchambuzi wa kemia ya chuma kwenye maabara nyingine, usafiri, ukaguzi wa hesabu, gharama za benki. Namba hizi ni mfano. Uwiano ndio wa kutazama.

Sasa mitego.

TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%: wafadhili wengi hawailipi. Ukiandika bei ya proforma pamoja na TVA, fedha zitakatwa. Ukiandika bila TVA na hamna msamaha, mtaitoa mfukoni. Uliza kabla.

Mshahara wa profesa. Analipwa na serikali tayari, na wafadhili wengi hawalipi mara ya pili. Weka saa za asistanti, vifaa vinavyotumika na kwisha, posho ya safari. Neno "prime" (nyongeza ya mshahara) usiliandike popote.

Mashine. Kanuni ya kawaida ya Horizon ni kulipa uchakavu wa kifaa kwa muda wa mradi, si bei yake yote. Tena kwenye miradi yake ya uvumbuzi kampuni ya faida hulipwa 70%. Je, 30% utaitoa wapi? Andika jibu kabla hujaulizwa. Mradi wa utafiti hulipwa mpaka 100%, ndiyo sababu ni bora kujua mnaingia upande gani.

Kifaa kinachotoka nje kitaingia Kasumbalesa kama vingine, na pale kuna forodha, maegesho na siku za kungoja. Msamaha wa ushuru huombwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Weka muda huo kwenye ratiba na gharama hizo kwenye bajeti, au nunua kilicho mjini.

Umeme. Tanuri linalopaswa kukaa 400 °C kwa saa nzima halijali kwamba kote mtaani umekatika: kundi lote la nyundo linaharibika. Mafuta ya jenereta ni gharama ya utafiti halali. Yaandike kwa lita na saa, yenye sababu, wala usiyafiche ndani ya "mengineyo". Hakuna kinachomtia mkaguzi wasiwasi kama "mengineyo" ya 12%.

Na sarafu. Mwito ni wa euro, kodi ya nyumba ni dola, sokoni ni franka. Chagueni sarafu moja ya hesabu na mwandike kiwango cha siku ya kubadilisha kila mara.

7. Ratiba ifuate mahindi.
Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuisha karibu na Aprili, mavuno yanafuata. Mashine za kusaga zikijaa kazi ndipo nyundo zinapopimwa vizuri. Mradi unaopanga majaribio makubwa Januari na Februari umeandikwa na mtu asiyekwenda sokoni. Upande wa chuo, toeni wiki za mitihani na za utetezi, na muache nafasi, kwa sababu mwaka wa masomo kwetu una mazoea ya kunyooshwa.

8. Andikeni ombi.
Anza na hitilafu na namba zake, fuata swali, kisha jaribio dogo, kisha nani atafanya nini. Historia ya Katanga tangu Union Minière (kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni) iacheni. Kila mtu huiweka na hakuna anayeisoma. Kurasa za karakana ziandikwe na karakana: mwenye karakana azungumze, asistanti aandike, kisha amsomee arekebishe. Mtu wa nje ya mradi asome yote na kuwaambia kwa maneno yake mnataka kujua nini. Akishindwa, rudini kwenye swali.

9. Tumeni siku tatu kabla.
Intaneti itakatika siku ya mwisho, rekta atakuwa Kinshasa, na jina la kampuni kwenye RCCM litatofautiana kwa herufi moja na lile la benki. Hilo la herufi ni dogo, na limeua dosye nzuri. Chunguza majina yote yafanane: RCCM, benki, kodi, muhuri, fomu.

10. Fedha zikiingia.
Uliza mapema zitaingia akaunti ipi. Zikipita akaunti kuu ya chuo, sehemu ya karakana inaweza kukaa huko muda mrefu. Ikiwezekana, kila mshirika apokee sehemu yake moja kwa moja, au makubaliano yaseme idadi ya siku ambazo chuo kinapaswa kuihamisha. Risiti zote zipigwe picha siku ile ile. Karatasi za mashine za kulipia hufifia na kubaki nyeupe. Fundi anayelipwa kwa siku asaini orodha yenye tarehe, kazi na kiasi.

Mambo yakikwama

*Profesa hajibu.* Subiri wiki mbili, kisha nenda kwa asistanti wake na nyundo mkononi. Kitu kizito mezani kinajibiwa haraka kuliko ujumbe wa WhatsApp. Akikataa, muulize nani mwingine anafaa. Walimu hutajana bila shida.

*Karakana haina RCCM na mwito unafungwa karibuni.* Usitafute kampuni ya kuazima jina. Itakuwa ndiyo yenye haki ya fedha na ya matokeo, na wewe utabaki kibarua kwenye mradi wako. Uache mwito huu upite, nenda Guichet Unique (ofisi ya kuandikisha kampuni), jiandae na unaofuata. Kwa sasa unaweza kuingia kama mahali pa majaribio, kwa barua.

*Mshirika wa Ulaya anataka kubadilisha swali.* Kidogo ni kawaida. Akitaka litoke kwenye nyundo za mahindi liende kwenye kitu ambacho karakana haikitengenezi, uliza: kazi ya karakana ni ipi sasa? Kama jibu ni "mafunzo na uhamasishaji", mmekuwa mapambo. Tokeni kwa adabu.

*Matokeo ya jaribio yanapingana.* Angalieni kwanza mahindi yalikuwa shehena moja, kisha resori ilikuwa moja. Malori tofauti, chuma tofauti. Bado yanapingana? Vizuri, liandikeni hivyo kwenye ombi: huo ndio utafiti.

*Asistanti amepata kazi mgodini katikati ya mradi.* Litatokea, mishahara ya kule inajulikana. Tangu mwanzo kila kipimo kiandikwe kwenye daftari la mradi linalokaa maabara, si kwenye kompyuta yake. Tena mpeni mwanafunzi wa pili ajifunze kando yake.

*Mafundi wamekasirika kwamba chuo kinalipwa "kwa kupima tu".* Wapeleke maabara siku ya kipimo, waone. Na wahandisi wawekwe karakana siku nzima wakati wa kuchoma. Kama hasira inaendelea, angalia orodha ya malipo: mara nyingi haina uhusiano na maabara, ni fundi mkuu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

*Ombi limekataliwa.* Omba maoni ya wasomaji, ni haki yako mahali pengi. Yakisema "swali halieleweki", rudini hatua ya 1. Yakisema "timu haina uzoefu", ongezeni namba za jaribio na barua ya mteja. Yakisema "nje ya lengo la mwito", dosye haina ubaya, mlipiga mlango usio wenu: ondoeni ukurasa wa jalada, badilisheni bajeti ifuate kanuni za mfadhili mwingine, na mtume tena.